Pardamean Hutasoit, Aliyekataa Ndoa ya Haraka

Baba yetu Pardamean Hutasoit, ambaye wengi wenu mlimwita Babu Gokma kwa jina la mjukuu wake wa kwanza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 hapa hapa Lintongnihuta, mtoto wa pili wa marehemu mzee Lamsar na marehemu mama Tiarma. Alibatizwa na kupata kipaimara katika kanisa hili.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji hadi mwaka 1968. Hakuendelea, kwa kuwa babu yetu Lamsar aliugua na mashamba yalihitaji mikono.

Alilima mpunga na kahawa, na alikuwa mgema ubani, mkusanya utomvu wa miti ya ubani msituni. Kufika shambani kulimchukua asubuhi nzima, maana hakuna aliyepita bila kuulizwa ukoo wake. Siku moja lori liliharibika mbele ya nyumba yetu. Dereva, kijana mdogo, akasema naye ni Hutasoit. Baba akahesabu vizazi kwa vidole, akapiga kelele, "Kumbe wewe ni baba yangu mkubwa!" Akamchinjia nguruwe aliyekuwa akitunzwa kwa kipaimara cha kaka Binsar. Nyama ilipokwisha wakahesabu upya, ikaonekana Baba amekosea: yule kijana ndiye mtoto. Baba akamwambia, "Haya mwanangu, nirudishie nguruwe wangu!" Yule kijana leo yuko hapa, ndiye aliyebeba viti.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na mama yetu, Rumondang binti Siregar. Mungu aliwapa watoto wanne. Mgema ubani haendi msituni akiwa ameacha ugomvi nyumbani, maana mti humnyima utomvu. Basi kila Jumatatu Baba alimwomba Mama radhi, hata kwa makosa ambayo hajayafanya.

"Nenda bwana, hata sikumbuki ulichokosa."

"Kumbuka basi, nisije nikarudi mikono mitupu!"

Mwezi wa Agosti mwaka jana alianza kuumwa tumbo. Hospitali ikaona uvimbe kwenye ini, na hakufichwa. Kwetu, aliyeoza watoto wake wote huagwa kwa heshima kamili, kwa ngoma kubwa na dansi. Akibaki hata mmoja, marehemu anashushwa ngazi, anazikwa bila ngoma hiyo. Alikuwa amebaki mdogo wetu Rosinta. Baba mdogo Mangatur, kwa kumpenda kaka yake, akaja na jina la mchumba.

"Kaka, mtoto wa mwenye kinu yuko tayari hata mwezi huu."

"Yule anayekoroma kanisani?"

"Kukoroma si dhambi. Ana pikipiki mbili."

"Pikipiki mbili? Basi nikuoze wewe, Mangatur."

Tulicheka, lakini Mama hakucheka. "Baba Tiurma, umewasindikiza watu wote wa bonde hili kwa heshima zao. Wewe ushushwe?"

Baba alimshika mkono. "Mama Tiurma, ngoma yenyewe sitaisikia. Ila mtoto akija kulia kwenye ndoa hiyo, nitamfuataje?"

Rosinta alikuwa mlangoni na sahani ya uji. Alisimama hapo mpaka uji ukapoa.

Baba alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 68. Katika kikao cha mazishi wazee waliuliza tena kama binti anaweza kufungishwa ndoa mbele ya jeneza, maana muda ulikuwepo. Wote tukamtazama Mama. Akasema, "Mshusheni ngazi. Ndivyo alivyotaka mume wangu." Baba mdogo Mangatur ndiye wa kwanza kuinamisha kichwa kukubali.

Marehemu ameacha mjane, Rumondang; watoto Tiurma na mumewe, Binsar na mkewe, mimi Lasma na mume wangu; wajukuu saba, wa mwisho nikiwa nimembeba hapa mgongoni; ndugu yake Mangatur; na binti yake Rosinta, ambaye hajaolewa, na hakuna anayemharakisha.

Baba, lala kwa amani ya Bwana.