Mwavuli wa Njano na Ndege wa Lupiro

Benchi la mbele ya duka la Twalib, hapa Kibaoni, linabeba watu wanne wakikaa vizuri na watano wakipendana. Asubuhi hiyo lilibeba watatu, na Twalib mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni na rimoti yake, televisheni ameigeuza itazame barazani. Pembeni, kwenye jiko la mkaa, Verediana alikuwa na birika la kahawa, sahani ya kashata na mtoto mgongoni. Mwishoni mwa benchi alikaa Mzee Nickolaus, aitwaye Mstaafu, aliyemaliza miaka ishirini na miwili kwenye mashamba ya miwa akaondoka na magoti mabovu. Katikati alikuwa Yunusi wa bodaboda, aitwaye Breki, maana abiria asiyemtaka humwambia breki ziko kwa fundi. Wa tatu anaitwa Darubini, kwa kuona vitu ambavyo wenzake hawavioni. Jina lake la ubatizo ni Remigius, na ni mume wa Verediana.

Darubini hakutakiwa kuwa pale. Ekari zao mbili za mpunga ziko ng'ambo ya mto, Lupiro, na mpunga ulikuwa unaanza kuiva. Mpunga ukifika hapo, lazima mtu akae juu ya dungu tangu alfajiri mpaka jioni, apige debe na kurusha mawe kwa kombeo, la sivyo ndege wanakuvunia. Jumamosi Remigius alimwachia dada yake Odilia dungu kwa siku moja, akaja mjini kuchaji simu na kununua chumvi. Leo ilikuwa Jumanne. Simu ilishajaa, ikaisha, ikajaa tena, na chumvi Verediana alishaitia kwenye mboga tatu. Kila akimuuliza mumewe anarudi lini, alijibiwa kwamba bado kidogo, muuaji anakaribia kujulikana.

Muuaji huyo alikuwa kwenye tamthilia iitwayo Siri ya Bwawa la Tatu. Ni ya nchi za mbali, na mtafsiri mmoja wa Dar es Salaam anaongea juu ya sauti za waigizaji wote, wake kwa waume, kwa sauti ileile yenye mafua. Tajiri mmoja ameuawa bwawani, wanashukiwa wote wa nyumbani kwake mpaka dada wa jikoni, na kila mara kabla ya jambo baya unaonekana mwavuli wa njano.

Breki alishikilia kwamba mwavuli ni roho ya marehemu. Mstaafu akacheka mpaka akakohoa. Yeye aliona mwavuli ni uongozi.

— Kule kwenye miwa, alisema, meneja akitokea na mwavuli siku ambayo hakuna mvua, ujue kuna watu wanapunguzwa.

— Mzee, wewe hata mbwa wa tamthilia unasema ni meneja.

— Yule mbwa ni msimamizi. Meneja habweki.

Twalib, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Kilwa na ambaye hapendi kubishana na wateja, alisema mbwa ni dhamiri. Darubini akawaacha wote wamalize, akapuliza kahawa yake, kisha akawaeleza kwamba hawajui kutazama. Kitu cha kutazama si mwavuli. Ni muda. Kwa nini babu mwenye miwani alizikwa jana, wakamwaga udongo, na leo asubuhi amekaa mezani anakunywa supu? Kwa nini mke wa mpelelezi alijifungua mtoto wa kiume, na leo tumbo limerudi?

— Muda unarudi nyuma, alisema Darubini. Huyo mtunzi anatuambia kifo ni mlango tu, unaingia na kutoka.

Breki akaongeza kwamba pengine kila mmoja pale ameshakufa, hata mpelelezi, na bwawa ndilo ahera. Mstaafu akasema hapana, kaburi lile lilikuwa likizo bila malipo, na babu ameitwa tena kazini.

Verediana alikuwa anasikiliza huku anasuuza vikombe. Amezaa mara nne na hajaona tumbo lililorudi na mtoto yuleyule. Na jibu alikuwa nalo tangu jana, Twalib alipofungua flashi yenye tamthilia na orodha ya sehemu zake ikatokea kwenye kioo. Mashine haikuzipanga sehemu kama mtu anavyohesabu. Ilianza na moja, ikaruka kumi, kumi na moja, mpaka kumi na tisa, ndipo ikaja mbili, halafu ishirini, halafu tatu. Wanaume wanne walikuwa wameingia katikati ya hadithi kwa kupitia paa, na kila walichokosa kukielewa wakakiita alama.

Alinyamaza kwa sababu alimjua mumewe. Akimwambia, Darubini atataka waanze upya, sehemu zote ishirini, nne kwa siku, na hizo ni siku tano nyingine. Akinyamaza, zimebaki nane, yaani siku mbili. Alikuwa bado anapima lipi lina hasara ndogo, wakati Odilia alipotokea upande wa barabara.

Verediana aliiona kwanza miguu ya wifi yake, tope limemkaukia mpaka magotini. Kisha akaona begi. Kama Odilia yuko hapa, dungu ni tupu. Hata hivyo mikono ikaendelea na kikombe.

Breki na Twalib wakamwamkia shikamoo, Mstaafu akamuuliza habari za shamba. Odilia akaitikia wote, akapokea kahawa, akakaa kwenye kreti la soda. Alimweleza mdogo wake bila kupandisha sauti kwamba Eveline, bintiye aliyeolewa Mlimba, amejifungua usiku, na yeye anapanda gari mchana huu. Asubuhi aliwafukuza ndege, wakaondoka. Watarudi jua likipungua makali, na watakuwa wengi kuliko jana.

— Nakuja, dada, alisema Remigius. Tunamalizia hii tu.

Wakamsimulia, wote kwa pamoja: mwavuli, mbwa, dhamiri, meneja, tumbo, muda, mlango wa kifo. Odilia alisikiliza mpaka kahawa ikabaki machicha. Kisha akauliza:

— Na huyo tajiri, nani alimuua?

Breki akamtazama Darubini. Darubini akamtazama Twalib, Twalib akaitazama rimoti. Mstaafu alianza kusema neno kuhusu uongozi, akaliacha njiani.

Verediana akaweka birika chini.

— Dada wa jikoni, alisema.

Wakageuka wote. Akawaeleza ile orodha, namba kwa namba, na Twalib akaifungua wakaiona wenyewe. Babu hakufufuka, walimzika kabla ya kumjua. Tumbo halikurudi, walianza na mtoto. Breki akajishika kichwa. Darubini alikuwa tayari anamwambia Twalib arudishe mwanzo.

— Mwanzo wa nini? aliuliza Verediana. Mwisho mmeshauona jana, namba kumi na tisa. Dada wa jikoni si alifungwa pingu?

— Zile pingu nilisema ni alama ya ndoa, alisema Darubini polepole.

— Zilikuwa pingu, baba Dati. Imeisha. Umeuona mwisho na hukuujua.

Hilo lilimwingia. Mtu anayeitwa Darubini hawezi kukaa kwenye benchi baada ya kupitwa na muuaji mwenye pingu mkononi. Alisimama, akajipangusa suruali, akasema kimsingi alikuwa amemshuku yule dada tangu mwanzo. Odilia akamkabidhi kombeo. Verediana akamfungia kashata nne kwenye karatasi, akamwambia Breki kwamba leo breki zake ni nzima na abiria ni huyu. Pikipiki ikashika barabara ya kwenda mtoni kabla ya saa sita, na Odilia akaenda kutafuta gari lake.

Benchi likabaki na Mstaafu peke yake. Twalib alikuwa bado anapandisha na kushusha orodha.

— Mama Dati, alisema. Hapa kuna ishirini. Hatujaiona.

— Ipo.

— Kwa hiyo dada wa jikoni...

— Sijui, Twalib. Na mimi sijaiona.

Mstaafu akaanza kucheka. Twalib, ambaye ni mtu mwema na hilo ndilo tatizo lake, akapapasa mfukoni kutafuta simu.

— Ukimpigia, alisema Verediana, kahawa utakwenda kuinywea stendi.

Twalib akairudisha simu mfukoni. Verediana akamweka mtoto sawa mgongoni, akavuta kreti aliloliacha Odilia, akakaa kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

— Haya, alisema, iweke hiyo ishirini.