Miaka Thelathini na Minne ya Herufi Kubwa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwalimu wetu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza anastaafu baada ya kufundisha miaka thelathini na minne, yote katika shule hii hii, na mingi kati ya hiyo katika chumba kile kile kilicho jirani na maabara. Nimeombwa mimi niandike habari zake, zisomwe kwenye sherehe ya kumuaga, kwa sababu meza zetu zimegusana kwa miaka kumi na mmoja, na kwa sababu Jumatatu inayofuata madarasa yake yatakuwa yangu. Naandika huku naogopa, na mhusika mwenyewe ameniambia nisifiche. "Mdogo wangu, andika yote," alisema. "Usinipambe. Sijafa."

Wanafunzi walimbandika jina la Herufi Kubwa, ingawa kwa kimo hafiki hata begani kwa wengi wao. Lilitokana na somo alilolipenda kuliko yote: kanuni za herufi kubwa katika Kiingereza. Mwanzo wa sentensi, majina ya watu na ya mahali, siku, miezi, na lile neno la herufi moja, I, ambalo maana yake ni mimi. Sisi wengine tulilimaliza somo hilo kwa vipindi viwili tukaendelea na mengine. Yeye alilifundisha mwaka mzima. Viatu vyake vikisikika kwenye korido, darasa la watoto hamsini lilinyamaza, na walimu vijana, nami nikiwemo, tulikimbia kuyakagua matangazo yetu kabla hajapita ubaoni.

Mwalimu mkuu naye yalimkuta. Siku moja aliandika tangazo akaianza Wednesday kwa herufi ndogo. Hakuambiwa neno. Alilikuta tangazo lake limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa sita kwa kumi. Tangu hapo kila tangazo lilipitia kwanza mezani kwa mama huyu.

Msidhani alikuwa mkali tu. Kila mwaka hakosi mtoto wa kuinua mkono na kulalamika kwamba ni utovu wa adabu neno mimi kuandikwa kwa herufi kubwa na neno wewe, hata kama huyo wewe ni mwalimu, kuandikwa kwa ndogo. Alilipenda sana swali hilo. Jibu lake lilikuwa kwamba hiyo ni sheria ya wenyewe, si majivuno, na ukirudi kwenye Kiswahili urudi na adabu yako. Mwanafunzi mwingine aliandika insha nzima ambamo neno water lina herufi kubwa kila linapotokea. Alipoulizwa, alieleza kwamba kwao maji yalikatika siku tisa, na yaliporudi aliona yanastahili heshima. Mwalimu alimkata alama, kisha akaja ofisini akacheka mpaka akavua miwani.

Mwaka jana, muhula wa pili, msichana mmoja mpole alinisimamisha nje ya ofisi ya walimu, ameshika karatasi yake ya mtihani kwa mikono miwili. "Mwalimu, sibishi," alisema, "ila naona kama Sunday yangu ni kubwa." Ilikuwa kubwa, na ilikuwa imekatwa. Nikachukua karatasi za wenzake, nikakuta wengine wameiandika kwa herufi ndogo na wamepewa vema. Monday, Tuesday na Friday zilisahihishwa bila kosa hata moja. Makosa yote yalikuwa kwenye Wednesday, Saturday, Sunday, September na October. Ilinichukua siku mbili kuelewa. M kubwa na m ndogo hazifanani umbo. Lakini s, w na o, pamoja na c, v, x na z, zina umbo lile lile, zinatofautiana ukubwa tu. Na ukubwa ndio ambao mwalimu wetu alikuwa hauoni tena.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na mpaka leo haijatoka. Wakaguzi walikuwa wameshatoa taarifa kwamba wanakuja. Nikimsema, ataondoka kwa aibu akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Nikinyamaza, watoto wanapoteza alama zao za haki. Nikafanya jambo la kiwoga: kila saa ya chakula alipotoka, nilifungua kabati lake na kusahihisha upya kazi zake. Mlango ukilia, kalamu inanidondoka. Niliishi hivyo wiki tatu, nikimsalimia asubuhi bila kumtazama usoni.

Alinigundua kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekwenda kumshukuru kwa alama ambazo yeye hakumpa. Alifunga mlango wa ofisi, akaketi.

"Umeanza lini kupita nyuma yangu?"

"Muhula huu."

"Basi nimekutangulia. Mimi naogopa mwaka wa pili sasa."

Akanieleza. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazimika, na la kulia linaona kama mtu aliye nyuma ya pazia. Wanafunzi aliwatambua kwa sauti na kwa viti vyao, na mmoja akihama kiti, moyo ulimruka. Daktari alitaka kumpasua mapema, yeye akaahirisha mara mbili, akihofia kwamba akitoka darasani hatarudishwa. Nilimkasirikia, na hasira hiyo haijaisha yote. Mtu hachezei jicho lake moja lililobaki kwa ajili ya vipindi vya asubuhi. Nilimwambia hivyo hivyo. Alilia, nami nikalia, na kengele ilipolia tulinawa nyuso tukaenda kufundisha.

Kesho yake tulikwenda kwa mwalimu mkuu. Alisema kila kitu mwenyewe, akiwa amesimama, na mimi pembeni yake. Tulitegemea barua ya kumwondoa. Badala yake mwalimu mkuu aliagiza karatasi zote zisahihishwe upya, na akaamua kwamba mama huyu ataendelea kufundisha kwa mdomo na chaki, mimi nitasahihisha. Watoto kumi na mmoja walirudishiwa alama zao. Kila mmoja aliombwa radhi na mwalimu wake, kwa jina, mbele ya wenzake.

Wiki ile ile madaftari yakabadilika. Bila kuagizwa na mtu, watoto walianza kuandika S zinazovuka mistari mitatu na W pana kama kiganja. Mkaguzi alipokuja, aliuliza huu ni mwandiko wa namna gani. "Ni ili madamu aone," akajibu mtoto wa dawati la mbele. Mkaguzi aliandika kitu kwenye fomu yake, na mpaka leo hatujui aliandika nini.

Upasuaji, ambao hakutaka ufanyike kabla hajastaafu, ni Alhamisi baada ya sherehe hii. Daktari hajaahidi chochote: kilichopotea hakirudi, anachotaka ni kukiokoa kilichobaki. Na kuna jambo ambalo mwalimu aliniambia juzi tu, tukiwa getini, binti yake amemshika mkono. Kwenye kliniki ya macho kuna bango la herufi ukutani, kubwa juu, zikipungua kila mstari. Kila alipopimwa, alilisoma mpaka chini bila kukosea, na ndiyo maana daktari alikubali kuahirisha. Alikuwa amelikariri. Kwa mtu wa herufi, mistari minane si kazi. Nilipoyasikia hayo nilijiuliza ni mwanga kiasi gani ulipotea katika miezi ile.

Dada yetu, asante kwa miaka thelathini na minne, kwa wino mwekundu, kwa watoto wasiohesabika wanaoandika barua za kazi leo bila kuona haya, na kwa kutusomesha sisi walimu bila kutuhesabu kuwa wanafunzi. Tunakutakia mapumziko mema na nyumba yenye watu wa kukusomea magazeti. Bandeji ikifunguliwa, watakusimamisha tena mbele ya bango lile. Sisi tutakuwa nje kwenye benchi, na mimi nitakuwa naogopa kuliko wewe. Tunakuombea mistari mingi. Lakini ukifika kwenye ule usiouona, tafadhali dada, usituonee haya. Sema huoni.