Koti la Yarrow Bado Lipo Kitini

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Vuta kigoda ukae. Leo tunamkumbuka Yarrow Billow, karani wa vizazi na vifo katika ofisi moja ya umma hapa Garissa. Ofisi gani, siitaji. Yarrow amefariki akiwa na miaka arobaini na minne.

Ukitaka kumjua Yarrow, anza na koti lake. Koti zito, la kijivu. Na jua letu hili! Yarrow hakulivaa hata siku moja. Lilikaa kwenye mgongo wa kiti. Mnajua desturi ya ofisi zetu: koti likiwa kitini, mwenyewe yupo, ametoka kidogo tu.

Wenzake wawili walihamishwa, wala hawakuletwa wengine. Yarrow akabaki na meza tatu. Aliomba likizo mara tatu akamwone mama yake, Hooyo Weris, kule Diff. Mara tatu akaambiwa angoje. Mzee Dubow, mlinzi wa mlango, anasema: "Huyo mtu alikuwa anaongea na karatasi. Mimi nasalimia yeye, yeye anajibu faili."

Mimi mwenyewe niliyaona. Nilienda kumtafutia mwanangu cheti cha kuzaliwa. Yarrow akanitazama kwa macho mekundu, akaniuliza: "Mtoto wako amezaliwa au amefariki?" Nilicheka, wasikilizaji. Mungu anisamehe, nilicheka.

Jumamosi moja Yarrow alipanda gari la Diff bila kumwambia mtu. Koti akaliacha kitini, limlindie nafasi. Jumapili akafika kwa mama yake. Jumatatu asubuhi akanywa chai, akajilaza mkekani. Walipomwamsha kwa sala ya adhuhuri, hakuamka. Alasiri wakamzika. Nasema tena: Jumatatu alasiri, Yarrow alikuwa kaburini Diff.

Jumanne dada yake, Bishara, akapiga simu ofisini. Anasimulia mwenyewe: "Mimi nasema, Yarrow amefariki. Yule wa simu ananiambia, abaayo, dada yangu, umekosea. Yarrow iko. Koti yake naona hapa. Ametoka kidogo tu, ameenda kuswali. Wallahi, udongo wa kaburi ilikuwa bado kwa kucha zangu."

Siku hizo tatu, Jumatatu hadi Jumatano, daftari la mahudhurio lina sahihi ya Yarrow. Ni mwandiko wake, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Kusainiana ni mazoea, lakini hadi leo hakuna aliyekubali kwamba alimsainia. Na Jumatano nami nilikuwa kwenye foleni. Feni ikizunguka, mkono wa koti ukiinuka na kushuka. Mama mmoja mbele yangu akalisalimia. Nikaona ni sawa tu. Tuliingojea nguo, wasikilizaji, saa tatu nzima.

Alhamisi Bishara akafika Garissa na barua ya chifu, ili kifo kiandikishwe. Karani mmoja, bila kuinua kichwa, akamwambia: "Weka hapo kwa meza ya Yarrow. Akirudi ataandika."

Bishara akaiweka. Akaiweka juu ya rundo, barua ya kifo cha Yarrow, kwenye meza ya Yarrow. Kisha akalitoa koti kitini. Karani akamwambia: "Mama, wacha hiyo koti. Mwenyewe yuko."

"Mwenyewe nilimzika Jumatatu," akasema Bishara. "Soma hiyo karatasi."

Mzee Dubow anasema hakuna aliyeigusa. Kila mtu alikitazama kiti, kama vile kingejibu.

Kwa Hooyo Weris, kwa Bishara, kwa mjane na watoto wanne: poleni sana. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Inaniuma kwamba mtu wenu alipumzika siku moja tu, tena mkekani kwa mama yake.

Nanyi mlio maofisini, na nyinyi wakubwa mnaotia sahihi likizo, tafakarini. Mtu akichoka, mwambieni aende, na mumwambie ni nani atakayeshika kazi yake. Na sisi wa kwenye foleni, tumwangalie usoni yule anayetuhudumia.

Asubuhi ya leo, nikija studio, nilipita ofisi ile. Wameleta karani mpya, mmoja, wa meza zote tatu. Kitini kuna koti jipya, la bluu. Safari hii niliuliza mwenyewe yuko wapi.

Wakaniambia ametoka kidogo tu.