Msemaji wa Nyumba ya Baba Yangu

Wapendwa, Yesu ni mzima! Hapana, hiyo amina ni ya watu waliolala. Nataka amina ambayo watu wa mtaa wa Riverside wataisikia bila kufungua dirisha. Yesu ni mzima! Ee, sasa ndiyo.

Ndugu zangu, kaeni vizuri, mama vuta blanketi la mtoto, maana ushuhuda wangu ni mrefu kuliko baridi ya Buffalo, na wote mnajua baridi yetu haina adabu ya kujua wakati wa kuondoka.

Mimi ni Fideli, wakili. Natetea watu wa trans, yaani watu ambao siku ya kuzaliwa waliandikwa wanawake kumbe ni wanaume, au waliandikwa wanaume kumbe ni wanawake. Nawatetea kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wao. Wazazi wangu walipokea binti, wakamfurahia, wakampa jina zuri la kike. Jina lile silitaji leo. Lilifanya kazi yake likastaafu kwa heshima. Nimesimama kushuhudia jambo moja tu: jinsi Bwana alivyonirudisha katika nyumba ya baba yangu, tena kwa mlango wa mbele!

Tulifika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi, na mifuko yetu myeupe ya hati za safari mikononi. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, lakini Louisville hawakuwa na ng'ombe wa kumpa, wakampa ghala. Nilipomaliza sekondari nikamfuata humohumo. Ndugu zangu, ghala lile! Ukipiga chafya mlango wa mashariki, mtu wa magharibi anakwambia pole kesho yake. Tulipanga maboksi mpaka nikaanza kuota nimefungwa na gundi.

Kazini nilikuwa mchekeshaji wa wote. Kanisani niliwekwa kwaya ya wasichana, nikavikwa pagne, yaani kitenge cha wamama, nikaimba vizuri tu, lakini moyo wangu ulikuwa umesimama nje ya mlango unanisubiri. Nilikuwa mtu anayeishi kwenye nguo za mtu mwingine. Jumapili moja, baada ya kula, nikawaambia wazazi ukweli. Mama alilia. Baba alikoroga chai mpaka ikapoa, kisha akasema maneno niliyoyabeba miaka yote iliyofuata:

"Mimi nilizaa musichana. Kama ule musichana hayuko tena, basi mi sina mutu wa kuongea naye. Usiseme popote kama uko wa nyumba yangu."

Ukoo ukaita watumishi wa Mungu. Wakaniweka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtumishi mmoja, wakafunga kula, wakakemea. Walikemea mpaka sauti zikakauka, mpaka jirani Mmarekani akagonga kuuliza kama kuna moto. Walinipaka mafuta mengi, ningeweza kukaanga sambusa za harusi nzima. "Toka! Toka!" Donc, pepo hakutoka, maana hakuwemo. Niliyetoka ni mimi! Nilipanda basi la Columbus na begi moja, na mtu pekee wa nyumba yetu aliyeendelea kunipigia simu alikuwa mdogo wangu, Furaha.

Columbus nilipata chumba mtaa wa Linden, kwa mjane wa Kirundi aitwaye Mama Domitila. Siku ya kwanza nikataka kumweleza habari zangu zote, ili akinifukuza anifukuze mapema. Akanizuia na mwiko mkononi.

"Mwanangu, mimi nimekodisha chumba, sikukodisha maswali. Kula."

Haleluya kwa Mama Domitila! Nikala. Nililala kama jiwe. Na baada ya kupata nguvu nikaenda mahakamani kubadili jina. Nilisoma karatasi zangu kichwa chini miguu juu. Alikuja mama mmoja wakili, mzee kiasi, viatu vimechoka, akasimama kando yangu bure bila kudai kitu. Akasema maneno machache, jaji akaandika, nikatoka pale naitwa Fideli mbele ya serikali yote ya Marekani! Pale pale kwenye korido nikasema: Bwana, kazi ya huyu mama naitaka. Nipe.

Bwana alinipa, lakini alinipa na mchana wa ghala, sasa la Columbus, na jioni ya shule. Nilianza chuo cha jioni, nikaendelea na chuo cha sheria cha jioni. Vitabu vya sheria vizito kama ndama. Nilivibeba mpaka bega moja likashuka, na fundi wa suti anajua habari hiyo. Safari moja mwalimu aliniuliza swali nikiwa usingizini, nikajibu nikiwa usingizini, na jibu likawa sahihi! Bon, karibu sahihi. Mtihani wa mawakili nilipofaulu, Mama Domitila alicheza barabarani na ndala mpaka gari la takataka likasimama kumwangalia. Furaha alilia kwenye simu. Nikamwuliza, "Baba amesikia?" Akajibu, "Amesikia. Ametoka nje kwenda kuangalia gari." Gari lilikuwa zima kabisa, ndugu zangu.

Nikaja Buffalo. Ofisi yetu Lower West Side iko juu ya duka la simu, na ngazi zake zinapiga kelele kuliko mawakili. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Neema, dada wa trans aliyekuwa anahudumia wazee. Wazee wenyewe walimpenda, walikuwa wakimwitia hata remote ya televisheni. Lakini meneja alipojua habari zake, akamfukuza siku hiyohiyo. Neema alikuja kwangu amekata tamaa.

"Maître wakili, mimi nataka tu kurudi kuwaogesha wazee wangu."

Wale wenzetu wa upande wa meneja walikuja mahakamani na mawakili waliovaa saa zinazong'aa mpaka dari. Mimi nilikuja na bega langu lililoshuka na Mungu wangu. Nikasimama, nikasema mambo mawili matatu: kwamba sheria inalinda kazi ya mtu huyu, na kwamba hakuna hata mzee mmoja aliyelalamika. Neema akarudi kazini! Walimpokea kwa keki, na mzee mmoja akamwuliza kwa nini likizo yake ilikuwa ndefu vile.

Tangu hapo mlango haukufungwa. Walikuja waliokataliwa vitambulisho, waliofukuzwa vyumba, vijana waliolala kwenye magari kwa sababu ya nyumba kama ya kwetu. Nikaanza kuandika makala, na wasomi wenye miwani mikubwa wakaanza kuzisoma na kubishana nazo. Sasa nafundisha sheria darasa la jioni, na mimi ndiye ninayewaamsha wanafunzi. Nimehutubia kwenye ngazi za bunge kule Columbus kwenye barafu, na kila neno lilitoka na moshi wake. Waliniita hata Louisville kuhutubu. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Nilipomaliza nikaendesha gari mpaka mtaa wa wazazi wangu. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Nikaangalia. Sikushuka.

Ndugu zangu, unaweza kushinda kesi za watu wote na ya kwako ikabaki bila tarehe.

Halafu Furaha akachumbiwa! Kijana mzuri, wa hapa hapa Buffalo. Akanipigia: "Usipokuja Louisville siku ya posa, mi siolewi. Nitakaa na wazazi mpaka wazeeke, wewe ndio utajibu." Nikaenda. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa cha ukumbi, karibu na makreti ya Fanta.

Kwa wale ambao si watu wa kwetu: siku ya posa familia mbili zinakaa zikitazamana, na kila upande una msemaji wake. Baba wa binti hasemi hata neno moja juu ya ndoa; anasemewa. Na msemaji lazima awe mwanamume wa nyumba ile, mwenye kinywa. Anayesimama pale ndiye sauti ya ukoo. Kwetu hakuna cheti kinachozidi hicho.

Msemaji wetu alikuwa Mzee Semu wa Columbus, mtu wa ukoo wetu, aliyenijua tangu Linden. Asubuhi ile mafua yalimshika koo. Akasimama, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya kifaranga! Ukumbi ukacheka mpaka glasi zikatikisika. Upande wa pili alisimama Mzee Rukundo wa Buffalo, mdomo unaojulikana majimbo matano, anatabasamu kama mtu aliyekwisha shinda.

Mzee Semu akaketi, akamnong'oneza baba. Baadaye aliniambia alichosema: "Simamisha ule wakili wako." Baba akajibu, "Wakili gani?" Naye akamwambia, "Unajua gani."

Baba akatazama viti vyetu. Binamu zangu wote ghafla wakapenda viatu vyao. Alikaa pale, mikono kwenye magoti, watu wakaanza kukohoa. Kisha akasimama.

"Bon. Sauti ya musemaji wetu imepotea. Mwingine iko pale nyuma. Fideli, njoo mbele."

Fideli! Baba alikuwa hajawahi kulitamka. Nilitembea katikati ya ule ukumbi, na nawaambia ulikuwa na urefu wa barabara ya kutoka hapa mpaka Louisville.

Mzee Rukundo akainua mkono. "Ndugu, sisi tumekuja kuongea na wanaume wa nyumba hii. Habari za huyu tulizisikia. Labda asaidie kwanza wamama kuleta maziwa, halafu mutuletee musemaji."

Upande wao ulicheka. Nimesimama mbele ya majaji wakali, ndugu zangu, lakini ulimi wangu ulishikamana na meno. Baba alikuwa bado amesimama.

"Huyu ni mutoto wangu wa kiume," akasema. "Ukimukataa yeye, umekataa nyumba yangu. Na makoti yenu iko pale kwa mulango."

Mama yangu akapiga vigelegele, wanawake wote wakafuata, na upande wa pili pia, maana wanawake hawana upande kwenye vigelegele. Mzee Rukundo akavuta koti lake, akainama kidogo. "Aa, mzee, tumefuata ndoa, hatukufuata vita. Musemaji, tunakusalimia."

Ulimi ukafunguka! Wacha niseme ukweli, sheria yote niliyosoma ilikuwa mazoezi ya siku ile. Nikatoa sharti la nyumba yetu: Furaha atamaliza masomo yake ya unesi, ndoa isimkatize. Mzee Rukundo akauliza, "Akienda shule, nani atapika?" Nikajibu, "Bwana arusi ana mikono miwili, nimeikagua." Kabla mzee hajajibu, bwana arusi mwenyewe akaruka kutoka kwenye kiti, "Nitapika!" Mama yake akashika kichwa. Sharti likapita!

Baadaye baba alinivutia kiti karibu na chake. Alikunywa maziwa yake, akafuta mdomo, akasema, "Umeongea muzuri. Lakini unaenda mbio sana, kama Muzungu." Ndugu zangu, sijawahi kupokea sifa tamu kama ile, na wasomi wenye miwani wanisamehe.

Basi Bwana asifiwe, kwa yote aliyonitendea! Wewe uliyefungiwa mlango na watu wako, usifikiri Mungu naye yuko ndani anashikilia komeo. Mtumaini. Fanya kazi yako, kula chakula cha anayekulisha, usikubali kuitwa mtu ambaye si wewe. Na wewe mzazi mwenye mtoto aliyekaa mbali, mwite kwa jina lake. Ni neno moja tu, na mbingu yote inasikiliza.

Najua baadhi yenu mnasema wakili huyu ametia chumvi. Bon, sawa. Lakini shahidi wangu amesafiri kutoka Louisville na amekaa kiti cha kwanza, yule mwenye kofia. Baba, simama watu wakuone.