Bi. Easter Nyevu Gona, Mkunga wa Mbuzi za Nazi (1931–1989)

Marehemu Bi. Easter Nyevu alizaliwa Jilore, Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1931, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Lewa na Mama Kahonzi. Bibi yetu alisimulia kwamba uchungu ulimshika kanisani, akavumilia hadi wimbo wa mwisho, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, akajifungua kabla chakula hakijaiva.

Mwaka wa 1940 alianza masomo katika shule ya kanisa papo hapo Jilore. Mwalimu wake aliwaandikia wazazi kwamba Easter ni hodari wa hesabu lakini anabishana. Tabia hiyo ya pili hakuiacha kamwe. Alisomea uuguzi na ukunga Kaloleni kuanzia 1950, akahitimu 1953.

Tarehe 18 Desemba 1954 alifunga ndoa na Bw. Gona Mwambire, seremala wa Gede. Walijaliwa watoto wawili: kaka yangu Simeon, na mimi Kabibi, kitinda mimba, ninayesoma wasifu huu.

Marehemu alihudumu katika zahanati kadhaa, na mwaka wa 1979 akaajiriwa wadi ya wazazi katika hospitali moja mjini Malindi. Hatuitaji jina, maana daktari wake, Dkt. Aboud, amekaa pale safu ya pili na tayari ameanza kucheka. Enzi zile, katika kila wanawake kumi waliokuja kujifungua mtoto wa kwanza, wanne walipasuliwa. Jambo hilo lilimkera sana Marehemu. Hakuuchukia upasuaji wenye haja, ila aliwahurumia wasichana waliorudi makwao na kidonda ambacho wangeweza kukiepuka, wakiiogopa hata mimba ya pili.

Machi 1983 aliletwa Zuleikha wa Mambrui, mimba yake ya kwanza. Mama mkwe alikuwa amemkimbiza hospitali uchungu ulipobisha hodi tu. Kufika alasiri saa zikaonekana zimekuwa nyingi, akaandikiwa kupasuliwa. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu, akaambiwa angoje barazani, karibu na jiko. Zuleikha akamtazama mpishi anavyokuna nazi, uzalendo ukamshinda.

“Nyinyi nazi mwaikuna hivi? Nipishe!”

Akakaa kwenye mbuzi, mguu huku na mguu huku, akainama mbele, akakuna. Uchungu ukija anainuka, anashika nguzo, anayumbayumba. Ukipoa anarudi kwenye nazi yake. Nazi ya nne hakuimaliza. Alipokuja kuitwa akapasuliwe, Marehemu alikuwa amekwisha kumpokea mtoto wa kiume, na wali wa wadi siku hiyo ulisifiwa mpaka na wagonjwa wa malaria.

Asubuhi yake Marehemu alimkabili Dkt. Aboud.

“Daktari, sisi twahesabu saa tangu mtu anapoingia langoni. Mtoto aliye tumboni halijui lango. Hawa hawachelewi kuzaa, wawahi mno kuja.”

“Sasa Sista, wataka nifungue hoteli?”

“Nataka mbuzi sita na mahali penye kivuli.”

Daktari alikubali kwa sharti moja: akidhurika mama mmoja au mtoto mmoja, mbuzi zirudi jikoni na Sista arudi zahanati. Baba akazichonga zote sita, pana na zenye kwenda juu kidogo, akajenga na banda la kivuli kando ya wadi. Kila nusu saa Marehemu aliisikiliza mioyo ya watoto kwa kile chombo chake cha mti. Aliyeweza kukuna na kupiga soga, huyo bado. Aliyeshindwa na nazi aliingizwa wadini. Kufikia 1986, katika kumi walipasuliwa wawili, pengine mmoja.

Tarehe 9 Agosti 1986 ikawa zamu yangu. Mtoto wa Sista mwenyewe! Wadi nzima ilitoka kunitazama, nami nilikuna kwa mikogo. Nazi ya pili Mama alisikiliza, akasikiliza tena, akaninyang'anya nazi mkononi.

“Basi, mwanangu. Moyo wa mtoto wachoka. Hii ni kazi ya daktari.”

“Mama, watu watasema banda lako limeshindwa!”

“Waseme. Sisi tutakuwa twamsikiliza mtoto akilia.”

Nilikwenda nikilia kwa aibu, naye ameushika mkono wangu. Mtoto wangu Nyevu, wajina wa bibi yake, alitolewa akiwa na kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, na akalia kwa sauti kubwa. Mama alimwita mpita dirishani tangu siku hiyo, kwa kuwa mlangoni hakupita. Jioni ile ile alirudi bandani kwa waja wazito wake, na Dkt. Aboud alimfuata huko kumwambia kwamba sharti lake amelifuta.

Januari 1989 Marehemu alianza kuugua ini. Alitibiwa Malindi na Mombasa. Dkt. Aboud alipokuja nyumbani kutueleza kwamba ugonjwa umeenea na kupasua hakutasaidia kitu, sote tuliinamisha vichwa. Mama alicheka mpaka akakohoa.

“Kumbe mwanafunzi wangu amefuzu!”

Daktari alicheka naye, kisha akatoka nje kufuta machozi. Marehemu alituaga Jumanne, tarehe 12 Septemba 1989, nyumbani Gede, akiwa na umri wa miaka 58.

Ameacha mume, Bw. Gona, watoto, Simeon na Kabibi, mkwe, Dena, na wajukuu wanne, akiwemo Nyevu, mpita dirishani, ambaye mnamsikia akipiga kelele huko nyuma. Tangu juzi wanawake aliowazalisha wamekuwa wakiingia, kila mmoja na mbuzi yake kwapani, Zuleikha mbele yao, na wali mtakaoula leo ni wa nazi zao.

Pumzika kwa amani, Mama. Leo hakuna anayekuhesabia saa.