Wembe wa mtu anayeanza

Benchi letu liko mbele ya meza ya kahawa ya Mama Micheline, katika commune ya Tshopo, Kisangani, upande wa barabara ambao jua haliufikii hadi saa nne asubuhi. Linakaa watu wanne. Alhamisi ile tulikuwa watatu. Bilali, aliyepakia mizigo uwanja wa ndege wa Bangboka kwa miaka kumi na minane, tunamwita Skana, kwa kuwa alikaa karibu na mashine ya kukagua mabegi. Félicien, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, tunamwita Volta, kwa sababu tondeuse yake, mashine ya kunyolea, hufanya kazi umeme ukiwapo tu. Mimi wananiita C.T., yaani chef de travaux, cheo changu chuoni, chini ya profesa, kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Nilikuwa na picha tatu kwenye simu. Jumamosi familia ya marehemu mke wangu, Pétronille, ilikuwa inakuja kumaliza matanga ya mwaka mmoja. Katika familia hiyo mume aliyefiwa hanyoi ndevu mwaka mzima, na siku ya mwisho ndugu wa marehemu humnyoa kwa wembe wa kukunja. Wembe hununuliwa na anayenyolewa; anayenyoa hubaki nao kama zawadi. Atakayeninyoa ni shemeji yangu Nephtali, mkulima wa Opala, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Hajawahi kushika wembe wa aina hiyo. Kwa hiyo nilitafuta seti ya mtu anayeanza.

— Onyesha tena ile ya kwanza, alisema Skana.

Nikamwonyesha: sanduku la mbao, wembe wenye ncha ya mviringo, mkanda wa ngozi wa kunolea, brashi, bakuli la sabuni, na kipande cha shabu cha kuzuia damu.

— Hii ncha ya mviringo iko ya nini?

— Ya mtu anayeanza. Ile yenye pembe inachoma mkono ukiteleza.

— Inachoma mkono ya nani?

— Mkono unaoteleza ni wake. Shingo ni yangu.

— Donc iko nzuri, alisema Skana, akanywa kahawa.

Volta alikuwa ameikazia macho picha ya pili, mpini ambao unatiwa lame, makali ya kubadilisha.

— Mutu wa kuanza achukue hii. Lame ikichoka, anatupa, anatia ingine. Haina kazi ya kunoa.

— Wewe unatumia hii? aliuliza Mama Micheline.

— Mi niko natumia tondeuse.

— Lakini ulishajaribu?

— Ku école ya coiffure balitufundisha théorie. Siku ya pratique courant ilikatika.

— Wembe haitumie courant, Volta.

— Ndiyo. Lakini taa ilizimika. Hatukuona kitu.

Skana akasogeza picha ya tatu kwa kidole. Mpini wake ni wa rangi ya dhahabu, umechorwa joka.

— Hii ningeiona mu mashine pale Bangboka, ningesema: huyu mutu hanyoi, anataka batu bamuone. Na ule wembe wa mama Pétronille, C.T.? Ule wa zamani?

— Tulimzika nao.

Wote walijua kwamba Pétronille ndiye aliyeninyoa, kila Jumapili, kwa miaka ishirini na mmoja. Mama Micheline akaniongezea kahawa bila kuulizwa.

— Bon, alisema Skana. Tunapoteza muda juu ya chuma. Chuma si kitu. Kazi yote iko ku ngozi ya kunolea. Ngozi ya ng'ombe ya Ituri imetembea sana, inakuwa ngumu. Inatakiwa ngozi ya nyama wa kukaa.

— Nyama gani anakaa? aliuliza Volta.

— Kiboko.

— Kiboko anatembea usiku mzima, alisema Mama Micheline.

— Mchana anakaa mu maji. Njo ile mi nahesabu.

— Ngozi kitu gani, alisema Volta. Shida iko namna mutu anakaa. Ndevu ya mutu wa Kisangani inaota kufuata mto. Unamukalisha akiangalia kule maji inaenda, wembe inashuka yenyewe. Ukimukalisha akiangalia kule maji inatoka, unamukata. Nimeona kwa macho.

— Umeona kwa wembe ama kwa tondeuse? aliuliza Skana.

— Kwa tondeuse. Lakini kanuni iko moja.

Nilisema kwamba sijui utafiti wowote juu ya jambo hilo.

— Njo maana uko chef de travaux mpaka leo, alisema Volta.

Mama Micheline akatoa kwanga moja, mkate wa muhogo, kwenye beseni lake, akaivua majani, akaiweka mezani, nyeupe na laini. Alisema bokilo wangu, yaani shemeji, aanze na hiyo, kwa kuwa kwanga haitoi damu na haina familia. Volta akachukua kijiko, akaanza kuinyoa kwa mgongo wa kijiko, polepole, akivuta ngozi ambayo haikuwepo.

— Pembe ni digrii thelathini, nilisema.

— Kwa kwanga ama kwa mutu?

— Kwa mtu.

— Kwa kwanga weka arobaini, alisema Skana. Hii iko nene.

Tuliitazama kwanga. Skana akasema kwamba upande wa kushoto umebaki na ndevu. Volta akarudia upande wa kushoto.

— C.T., alisema Mama Micheline. Hizi picha ulituonyesha mwezi wa tatu.

— Nilikuwa nalinganisha.

— Leo iko mwezi wa sita. Mi nauza kahawa, siko mwalimu. Lakini mutu anataka wembe, anaenda sokoni, anachukua wembe. Wewe unataka ndevu.

Volta aliacha kunyoa. Ilikuwa kweli. Ndevu hizi zimeota zote baada yake. Hakuna unywele hata mmoja ambao Pétronille aliugusa. Uso alioujua uko chini ya ndevu hizi. Nilikuwa naogopa kuuona Jumamosi mbele ya watu, kabla sijauona peke yangu.

Pikipiki ikasimama mbele ya meza. Nephtali akashuka kutoka nyuma ya dereva, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akiwa na begi na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Siku mbili kutoka Opala. Aliwasalimu wote mmoja mmoja, tonton, papa, mama, kisha mimi.

— Bokilo.

— Karibu, shemeji. Keti.

Akaketi nafasi ya nne. Mama Micheline akainamisha thermos hadi mwisho, akamjazia nusu ya kikombe, akasema hakuna ingine. Nikampa simu. Nephtali alizitazama picha tatu, moja baada ya nyingine, bila haraka.

— Zote zinakata?

— Zote.

— Basi. Akanirudishia simu. Mi nataka kujua kitu kimoja. Yaya alikuwa anaanzia wapi?

Yaya ni dada yake mkubwa, mke wangu.

— Kidevu, alisema Volta. Kila mutu anaanza na kidevu.

— Chini ya pua, alisema Skana.

— Tonton, mi namuuliza bokilo.

Nilihesabu. Miaka ishirini na mmoja ni Jumapili elfu moja na tisini na mbili, nikiondoa chache nilizokuwa safarini. Ninakumbuka maji ya moto, sabuni, kiti, dirisha. Nilitaka kumjibu vizuri.

— Sijui, nilisema. Nilikuwa nafunga macho.

Nephtali alimaliza kahawa yake. Kisha akasimama, akanawa mikono kwa maji ya Mama Micheline, akachukua kijiko kwa Volta, akakisuuza kwa maji moto. Akaja nyuma yangu.

— Funga.

Nikafunga macho, nikaegemeza kichwa kwenye tumbo lake. Aliweka mgongo wa kijiko kwenye kidevu changu.

— Hapana, nilisema.

Chini ya pua.

— Hapana.

Shavu la kulia.

— Hapana.

Halafu akashika sikio langu la kushoto kwa vidole viwili, akalikunja nyuma kidogo, akaweka kijiko mbele yake, mahali ndevu zinapoanzia. Kilikuwa bado kina joto.

Ndipo hapo Pétronille alipokuwa anaanzia. Nilimsikia Skana akisogea benchini ili kiwiko cha shemeji yangu kipate nafasi.

— Ile ya kwanza, nilisema baadaye. Ile ya sanduku la mbao. Tutaenda kuichukua sasa hivi.

— Ngoja, alisema Nephtali. Nifike kwanza upande ule mwingine.