Nailoni ya Kiwandani

Ndani ya teksi ya kwenda Ouidah, Houefa alikuwa akifoka. Pikipiki yake ya kwanza, ya bei poa, aliyoinunua ajifunzie ili aachane na kubeba samaki kichwani, imeliwa na kutu kabla hajajua hata kukata kona.

"Muuzaji yule mwizi!"

"Dada, nailoni ya kiwandani iliyoifunika pikipiki uliitoa?" akauliza abiria wa pembeni.

"Niitoe, majirani watajuaje kuwa ni mpya?"

"Basi umeifungia chumvi ya upepo wa bahari humo humo! Kutu umeifuga mwenyewe!"

"Kwani pikipiki tulichanga?" Houefa akaamuru teksi isimame, akainuka kwa hasira. Nguo ikanata kitini.

"Taratibu, mama!" dereva akang'aka. "Utanichania nailoni ya kiwandani!"